Mapenzi Yenye Gharama: Mazungumzo Kuhusu Riwaya za Waamish

Haya ni mazungumzo yetu ya vitabu redioni. Kama unachambua mchele, endelea kuchambua. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva aongeze sauti kidogo, maana leo tuna jambo tamu la kuzungumza.

Leo tunazungumzia riwaya za Kikristo za mapenzi, na hasa zile ambazo mambo yake yanatokea kwa Waamish wa Marekani. Bila shaka baadhi yenu mnazijua. Kwenye jalada kuna msichana aliyefunika nywele kwa kitambaa cheupe, nyuma yake kuna shamba la mahindi, na kwa mbali kigari kinachovutwa na farasi. Ndani kuna mapenzi, kuna taharuki, kuna historia, na kuna maombi. Hutakuta matusi, wala mambo ya chumbani hayaelezwi kinagaubaga. Mama anaweza kukisoma kitabu hicho, akampa binti yake, binti akampa shangazi, na hakuna atakayeona haya.

Sasa swali langu ni hili. Kwa nini zinapendwa hivi? Kwa nini mtu wa mjini, mwenye simu mkononi na taa dari nzima, akeshe akisoma habari za watu wanaokataa kuunganishiwa umeme? Wapo wanaojibu kwamba ni ule utulivu wa shambani, kwamba msomaji amechoka na kelele anataka kupumzika. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Mashamba yapo kwenye vitabu vingi na havisomwi hivi.

Jibu langu nalitoa mapema, ili hata ukishuka kituo kinachofuata uwe umelichukua. Mapenzi huwa hadithi pale ahadi inapokuwa na gharama. Narudia, wapendwa: mapenzi huwa hadithi pale ahadi inapokuwa na gharama. Yote nitakayosema leo yatazunguka hapo.

Tuanze na watu wenyewe. Waamish ni nani?

Ni Wakristo wanaoishi Marekani na sehemu za Kanada. Siku hizi wamezidi watu 300,000. Makundi makubwa yako Lancaster County katika jimbo la Pennsylvania, Holmes County katika jimbo la Ohio, na kaskazini mwa Indiana. Nyumbani wanaongea lahaja ya Kijerumani. Kiingereza wanajifunza shuleni. Watoto wao husoma mpaka darasa la nane, kisha wanaingia kazini pamoja na wazazi. Jambo hilo lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 mahakama ikawapa haki yao. Hawana majengo makubwa ya kanisa. Wanasali majumbani kwa zamu, kila baada ya wiki mbili. Na mchungaji je, wanampataje? Kwa kura ya bahati. Kikaratasi kinafichwa ndani ya kitabu kimoja cha nyimbo, vitabu vinapangwa mezani, na wanaume waliopendekezwa wanachukua kila mmoja kimoja. Atakayekuta kikaratasi, huyo ndiye, na ataifanya kazi hiyo maisha yake yote bila mshahara.

Chimbuko lao ni Ulaya. Januari 1525, mjini Zürich huko Uswisi, watu wachache walibatizana upya wakiwa watu wazima. Walisema mtoto mchanga hawezi kuahidi. Ubatizo ni wa mtu anayejua anachokisema. Kwa sababu hiyo waliwindwa na Wakatoliki na Waprotestanti pia. Wengi waliuawa. Kisha, mwaka 1693, wao kwa wao wakagawanyika. Aliyeongoza upande mmoja aliitwa Jakob Ammann, na jina la Waamish limetokana naye. Waligombania nini? Waligombania namna ya kuishi na mtu aliyetengwa na kanisa. Ammann na wenzake walitaka aliyetengwa asishirikiane na waumini hata meza ya chakula. Wengine waliona hilo limezidi.

Umeona, msikilizaji? Hawa ni watu ambao mgawanyiko uliowazaa ulikuwa juu ya kutengwa. Liweke hilo kichwani, tutalihitaji.

Na sisi tunajua kutengwa ni nini. Katika makanisa yetu mengi mtu akianguka anatengwa, hashiriki meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele akatubu na kurudi kundini. Lakini wakati ametengwa, nyumbani tunakula naye. Tunamwita kwenye harusi. Kwa Waamish wenye msimamo mkali, mama anaweza kumtengea mwanawe meza yake ndogo, pembeni ya meza ya familia. Fikiria chakula cha jioni cha namna hiyo. Mama amepika, mtoto yupo chumbani humohumo, na kati yao kuna nafasi ya hatua moja ambayo hakuna anayeruhusiwa kuivuka.

Lakini adhabu hiyo si ya kila mtu. Ni ya yule aliyebatizwa. Kijana wa Kiamish akifika miaka kumi na sita hivi anaanza kupewa uhuru. Anatoka na wenzake, anaimba nao Jumapili jioni, anaanza kuchumbia. Wengine wanaonja mambo ya dunia. Wakati huo hajaahidi kitu. Akiamua kuondoka kabla ya ubatizo, wazazi watalia, lakini hatatengwa. Akishapiga magoti mbele ya kanisa akaahidi, mlango umefungwa nyuma yake. Na hakuna ndoa bila ubatizo. Anayetaka kuoa au kuolewa katika kanisa lao ni lazima awe amebatizwa, na mwenzake vilevile.

Basi tazama mwandishi wa riwaya anavyopata hazina hapo. Msichana akimpenda kijana wa nje, maumivu yake yanategemea kitu kimoja: ameshabatizwa au bado? Akiwa bado, ana njia. Akiwa tayari, kila hatua ya kwenda kwa mpenzi ni hatua ya kumpoteza mama.

Ningependa kulieleza hili kwa mfano wa mpira. Uwanja usio na mistari hauna mechi. Watu watakimbia, watapiga mashuti, watatoka jasho, lakini hakuna atakayejua mpira umetoka au umeingia. Riwaya nyingi za mapenzi za siku hizi hazina mistari. Wapenzi wanaweza kufanya lolote, kwa hiyo lolote wanalofanya halitutetemeshi. Kwa Waamish mistari ipo, na kila mtu kijijini anaijua.

Sasa tuingie kwenye vitabu. Nitataja vitatu, vyote vya waandishi wanawake, na nataka uangalie jinsi kila kimoja kinavyoipanga ahadi na upendo.

Cha kwanza ni Love Comes Softly, cha Janette Oke, mwandishi wa Kanada. Kilitoka mwaka 1979, na wachapishaji wengi wa Kikristo walijifunza kutokana nacho kwamba wasomaji wana kiu ya hadithi za namna hii. Hakihusu Waamish; kinahusu walowezi waliokuwa wakihamia magharibi mwa Marekani katika karne ya kumi na tisa. Marty ni mwanamke kijana. Yuko njiani na mumewe, mume anakufa, na yeye ni mjamzito, hana nyumba wala ndugu. Mwanamume aitwaye Clark, mjane mwenye binti mdogo, anamwendea na kumwomba waoane, ili mtoto apate mama na Marty apate mahali pa kukaa. Hamwambii habari za mapenzi. Anamwahidi kwamba msimu wa kuchipua ukifika, akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli.

Unaona mpangilio? Ahadi imetangulia, upendo unakuja nyuma, polepole, katika kupika, kuchota maji, kulea. Bibi zetu wengi wanaielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa. Waliolewa na watu wasiowajua, na wengine wao walikuja kupenda. Lakini angalia pia jambo ambalo Oke hakulisahau: Clark anaacha mlango wazi. Mwanamke anaweza kuondoka. Ahadi ya Clark inamgharimu Clark, haimfungi Marty. Kama angelazimishwa, isingekuwa hadithi ya mapenzi. Ingekuwa hadithi ya kifungo. Hilo naomba tulitie moyoni, sisi wenye mabinti.

Cha pili ni Redeeming Love, cha Francine Rivers, kilichotoka mwaka 1991. Rivers alikuwa tayari mwandishi wa riwaya za mapenzi za kawaida. Alipoamini, mwaka 1986, akaja kuchukua habari ya nabii Hosea katika Agano la Kale, yule aliyeambiwa aoe mwanamke asiye mwaminifu, akaihamishia California ya miaka ya 1850, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Mkulima anamwoa mwanamke aliyeuzwa katika ukahaba tangu utotoni. Mwanamke anakimbia. Mume anamfuata. Anakimbia tena.

Hapa ahadi ni ya upande mmoja. Mmoja ameahidi, mwenzake hajui hata kama anaweza kuahidi, kwa sababu maisha yamemfundisha kwamba kila anayekuja na maneno mazuri ana bei yake mfukoni. Kitabu hiki kina mambo mazito, si cha watoto, na si kila mzazi atakipenda. Lakini kinasema kweli juu ya kitu kimoja: kwa mtu aliyeumizwa hivyo, kupendwa kunatisha kuliko kupigwa. Kupigwa amekuzoea.

Cha tatu, na hapa ndipo tunafika kwa Waamish wenyewe, ni The Shunning cha Beverly Lewis, kilichotoka mwaka 1997. Jina lake linahusu jambo hilohilo la kutengwa. Lewis alizaliwa Lancaster, Pennsylvania, na bibi yake mwenyewe alikuwa ameacha jamii ya Wamennonite wa msimamo wa zamani, ambao ni ndugu wa karibu wa Waamish. Kwa hiyo jambo hili lilikuwa limepita ndani ya ukoo wake.

Katika kitabu hicho Katie Lapp anakaribia kuolewa na askofu wa wilaya yao, mjane mwenye watoto. Katie anapenda gitaa, na gitaa kwao ni marufuku. Siku chache kabla ya harusi anaingia darini, anakuta kijigauni cha mtoto mchanga cha hariri laini. Wapi na wapi hariri katika nyumba ya Mwamish? Kijigauni kinafungua siri: Katie alizaliwa na mama mwingine, mwanamke wa dunia ya nje. Wazazi waliomlea, wanaohubiri ukweli kila siku, wamemficha jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hapa, wapendwa, ahadi inagongana na ukweli. Katie ameahidi kanisa lake. Lakini aliyeahidi ni nani, kama hajui hata yeye ni binti wa nani? Na anapoikimbia harusi yake, anatengwa. Tunamhurumia. Lakini, na hapa ndipo ustadi ulipo, tunamhurumia pia Rebecca, mama aliyemlea. Alificha kwa sababu alimpenda, na kuficha kwake ndiko kunakompokonya mtoto.

Vitabu vitatu, msikilizaji. Cha kwanza, ahadi inatangulia upendo. Cha pili, ahadi inasimama peke yake na kusubiri. Cha tatu, ahadi inagongana na ukweli. Vyote vinarudi palepale: mapenzi huwa hadithi pale ahadi inapokuwa na gharama.

Kabla sijaondoka kwenye mapenzi, niongeze kitu kidogo kitamu. Zamani huko Lancaster uchumba ulikuwa siri mpaka utangazwe kanisani, wiki chache kabla ya harusi. Harusi zilifanyika baada ya mavuno, hasa mwezi Novemba, siku za Jumanne na Alhamisi. Na katika karamu ya harusi mboga isiyokosekana ni selari, ile ya mashina marefu ya kijani. Basi mama mwenye binti wa kuolewa alilazimika kupanda selari nyingi mapema. Majirani walikuwa wakipita, wanachungulia bustani, wanahesabu matuta. Mwandishi hodari hahitaji kuandika kwamba msichana amechumbiwa. Anapanda tu selari, na msomaji anayejua anashtuka.

Na hiyo inatuleta kwenye sehemu ya pili ya mazungumzo yetu: taharuki.

Riwaya nyingi za siku hizi zinachanganya Waamish na taharuki. Kuna mtu anayemfuata msichana usiku, kuna ghala limechomwa moto, kuna mgeni aliyejificha kijijini. Mnaweza kuuliza, watu wa amani namna hiyo wanaingiaje kwenye hadithi za hatari? Mimi naona wanafaa kuliko wengine wote. Kwa nini? Kwa sababu hawapigani. Mwamish habebi silaha dhidi ya mtu, haendi vitani, na hata mahakamani hapendi kumshitaki jirani. Katika riwaya ya kawaida, adui akivunja mlango, shujaa anachukua bunduki. Kwa Mwamish bunduki ya kuwindia wanyama ipo ukutani, na mwenye nyumba ameahidi kutomwelekezea mtu. Afanye nini? Hapo ndipo moyo wa msomaji unapokwenda mbio. Hofu ya kushindwa tunaijua wote. Hofu ya kushinda kwa njia inayovunja ahadi yako mbele za Mungu ni nzito zaidi.

Na hili si la kubuni. Mwaka 1569, katika mji wa Asperen huko Uholanzi, alikuwapo mtu aitwaye Dirk Willems. Alifungwa kwa kosa la kubatizwa upya na kuwaruhusu wengine kubatizwa nyumbani kwake. Akatoroka kwa kamba aliyoitengeneza kwa kufunga vitambaa pamoja. Ulikuwa wakati wa baridi kali, maji yameganda, yeye amekonda kwa njaa ya gerezani, akavuka juu ya barafu nyembamba salama. Mlinzi aliyemfukuza akazama. Akalia msaada. Dirk alikuwa amekwisha kuwa huru. Akageuka, akarudi, akamvuta mlinzi akamwokoa.

Unadhani nini kilifuata? Mlinzi alitaka kumwachia. Lakini mkuu wa mji, akiwa ng'ambo, akampigia kelele akumbuke kiapo chake cha kazi. Mlinzi akamkamata yule aliyemwokoa. Dirk akachomwa moto Mei mwaka huohuo.

Ahadi mbili zilikutana juu ya barafu ile. Mmoja alishika ahadi yake akampa uhai adui. Mwingine alishika ahadi yake akampa kifo rafiki. Habari hii iko katika kitabu kikubwa cha mashahidi wa imani kilichochapishwa Uholanzi mwaka 1660, na mpaka leo kitabu hicho kimo katika nyumba nyingi za Waamish. Watoto wao wanakua wakiisikia. Kwa hiyo ukisoma riwaya ambamo Mwamish anamsaidia aliyemdhuru, usidhani mwandishi amelegeza mambo ili yaishe vizuri. Nyuma yake kuna karne nne na nusu.

Na kuna la karibu zaidi. Tarehe 2 Oktoba 2006, huko Nickel Mines, Lancaster County, mtu mmoja mwenye silaha, jirani ambaye hakuwa Mwamish, aliingia katika shule ndogo ya Waamish, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa. Naye akajiua. Siku hiyohiyo, kabla hata watoto hawajazikwa, Waamish walikwenda kwa familia ya muuaji kuwaambia kwamba wamesamehe. Siku ya mazishi ya muuaji huyo walikuwapo makaburini, wakimfariji mjane wake.

Dunia nzima ilishangaa. Wengine walisema, msamaha wa haraka namna hii ni wa kweli? Wataalamu watatu wa maisha ya Waamish waliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka uliofuata, na walieleza kitu ambacho kila mwandishi wa Kikristo anapaswa kukisikia. Kwa Waamish, kusamehe kunaanza na uamuzi. Unaamua kutolipiza, unaamua siku hiyohiyo, kwa sababu umeahidi. Lakini uchungu hauondoki siku hiyo. Uchungu unachukua miaka, na kila asubuhi unaamua tena.

Kwa hiyo hapo napenda niwe wazi kwenu juu ya udhaifu wa riwaya hizi, maana kukipenda kitabu hakumzuii mtu kukisema.

Udhaifu wa kwanza ni msamaha wa bei rahisi. Ukurasa wa mia tatu baba amekasirika, ukurasa wa mia tatu na kumi amelia, amesamehe, harusi inafungwa. Hapana. Watu waliosamehe Nickel Mines wasingejitambua humo. Msamaha usio na asubuhi za kurudia haujalipiwa.

Udhaifu wa pili ni kumvalisha mtu imani ya mwingine. Waandishi wengi wa riwaya hizi si Waamish. Ni walokole, kama wengi wetu tunaosikilizana hapa. Basi katika baadhi ya vitabu msichana wa Kiamish anagundua kwamba wazee wake wana sheria tupu, yeye anapata uhakika wa wokovu, kisha anaondoka. Mimi ni mtu wa kuokoka na siogopi kulisema. Lakini Waamish wengi huona ni majivuno mtu kutangaza kwamba mbinguni amekwisha kufika. Wao wanasema wana tumaini, na hukumu wanamwachia Mungu. Tunaweza kutofautiana nao. Lakini tusiandike kana kwamba hawamjui Kristo. Mtu anayelisha familia ya aliyewaua watoto wake ana kitu cha kunifundisha mimi juu ya Kristo.

Udhaifu wa tatu ni kumgeuza Mwamish kuwa pambo. Kitambaa cheupe kwenye jalada, farasi, mkate wa moto, basi. Waamish wenyewe wanaepuka hata kupigwa picha za uso, kwa kuogopa kujikweza, halafu wanajikuta kwenye majalada ya vitabu kote Marekani. Jambo hili si jipya. Mwaka 1940 Joseph W. Yoder, aliyekulia kwa Waamish wa Pennsylvania, aliandika Rosanna of the Amish, kisa cha mama yake mwenyewe, mtoto wa Kiailandi aliyelelewa na mwanamke wa Kiamish. Hakuridhika na namna watu wake walivyokuwa wakichorwa na waandishi wa nje. Na siku hizi yupo Linda Byler, ambaye mwenyewe ni Mwamish na anaandika riwaya. Ukipata vitabu vya namna hiyo, visome sambamba na vile vingine. Utaona tofauti ya anayetazama kwa dirishani na anayeosha vyombo ndani.

Sasa, kuna msikilizaji anajiuliza: haya yote ya Marekani yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kuliko unavyodhani, hasa wewe uliyeko Mkoa wa Mara. Waamish na Wamennonite ni ndugu. Wote ni watoto wa ubatizo ule wa Zürich. Na mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, kando ya Ziwa Victoria. Walitoka wapi? Walitumwa na bodi ya misheni ya Lancaster County ileile, yenye mashamba yaleyale unayoyaona kwenye majalada. Aliyetangulia kati yao ni Elam Stauffer. Kutokana na kazi hiyo tuna Kanisa la Mennonite Tanzania na hospitali ya Shirati. Mwaka 1942 uamsho ulifika Shirati, watu wakasimama wakaungama, wazungu na Waafrika, mbele ya wenzao. Na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo.

Sasa fikirini, wapendwa. Kijana wa ukoo wa ng'ombe na mahari na baraza za wazee, anakutana na watu wanaosema ahadi ya ubatizo inazidi ahadi ya ukoo. Anampenda binti ambaye baba yake hataki kusikia habari za kanisa. Mwaka ni 1938. Amchague nani? Na yule mmisionari aliyeacha kila kitu Pennsylvania, siku ya uamsho anapogundua kwamba hajawahi kula na watu aliokuja kuwahubiria kama ndugu, atasimamaje kuomba msamaha? Mistari ya uwanja ipo. Gharama ipo. Riwaya zake ziko wapi?

Waandishi wetu waliwahi kuonyesha njia. James Mbotela wa Mombasa, ambaye wazee wake walikuwa watumwa waliokombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, mwaka uleule Wamennonite walipofika Shirati. Aliandika historia ya watu wake, ya Kikristo, kwa Kiswahili. Hakusubiri mtu wa mbali aje amwandikie.

Tunakaribia mwisho, kwa hiyo nikupe maswali matatu ya kubeba. Ukishika riwaya ya Kikristo ya mapenzi, iwe ya Waamish, iwe ya zamani, iwe ya hapa kwetu, iulize hivi.

La kwanza: ahadi hapa ni ipi, na gharama yake anailipa nani? Kama anayelipa ni mwanamke peke yake kila mara, kuna kitu hakiko sawa.

La pili: anayeyapinga mapenzi haya amepewa moyo? Baba mkali, askofu, mama mkwe, je, naye tunamwelewa? Rebecca alificha siri, na bado tulimlilia. Mwandishi anayemdharau mpinzani amejirahisishia kazi.

La tatu: msamaha umelipiwa? Tumeona asubuhi ya pili, na ya tatu, na ya mia?

Kitabu kikijibu maswali hayo vizuri, mpe binti yako, mpe mwanao wa kiume pia, maana hakuna aliyeandika kwamba riwaya za mapenzi ni za wanawake peke yao. Kijana anayejifunza mapema kwamba kupenda ni kuahidi, na kuahidi kunagharimu, atakuwa mume wa kutegemewa.

Na wewe mwandishi chipukizi unayenisikiliza ukiwa Musoma, Tarime, Bukoba, Kisumu au kwingineko, nakuomba uende kwa wazee waliobaki, wale ambao wazazi wao walibatizwa katika miaka ya 1930 na 1940. Waulize walioana vipi. Waulize nani alikataa kuja kwenye harusi, na alirudi kuzungumza nao lini. Andika majibu yao kwa uaminifu, hata yale yasiyolipendezesha kanisa, ndipo uanze kubuni. Wasomaji wapo, nawajua, wananiandikia. Wanasoma za Pennsylvania kwa sababu za Shirati hawajapewa.

Basi, kwa leo niishie hapo. Wiki ijayo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya tenzi za dini na namna ya kuwasomea watoto.